Pumzi za Elinaza

Giza lilikuwa linaingia nilipobeba godoro kuukuu kutoka soko la Tengeru. Nilikuwa nimechoka hoi. Mama aliyeniuzia alikuwa anafunga meza.

"Shikamoo mama. Halina kunguni?"

"Marahaba. Halina. Aliyelilalia alikuwa msafi sana."

Nikamuuliza ni nani. Akanipa mgongo, akaendelea kukunja turubai. Sikuwa na nguvu ya kuuliza tena.

Studio yangu ni chumba cha uani huko Akheri. Kona moja nimeitenga kwa mbao na kioo, ndiyo kibanda cha kuimbia. Mwangwi wake ulimfanya mke wangu, Elinaza, ajikaze mpaka koo linamuuma. Nilitaka aimbe kwa raha, basi. Nikasimamisha godoro nyuma yake limeze mwangwi, nikampa maji ya uvuguvugu. Akavua viatu.

"Vipi, Mama Hope?"

"Leo pazuri, Baba Hope. Pana joto. Kama kuna mtu kaniegemea mgongoni."

Akaimba beti zote bila kukohoa hata mara moja. Nilitaka kulia.

Akabaki mle ndani akisubiri kiitikio, nami nikaanza kusafisha sauti kwenye kompyuta. Kazi ya kuchosha: kila mwimbaji anapovuta pumzi, unaifuta isisikike. Lakini kila mahali palikuwa na pumzi mbili. Moja fupi, ya Elinaza. Nyingine...

Nzito. Ya kukoroma. Ya mtu mzee sana.

Chumba kikaanza kunuka dawa ya kuchua.

Nikajiambia ni uchovu. Nikafuta pumzi nzito ya kwanza. Elinaza akashika kifua. Sikujali, nikazichagua zote nzito, nikafuta kwa mpigo.

Kimya.

Nikainua macho. Mdomo wake ulikuwa wazi, hewa haiingii. Nyuma yake godoro lilikuwa linapanda na kushuka, taratibu...

Nikamvuta nje, nikamlaza sakafuni. Midomo ilishaanza kuwa ya bluu. Ndipo hedifoni mezani zikanong'ona:

"Rudisha."

Nikarukia kompyuta, nikarudisha pumzi zote.

Elinaza akavuta hewa.

Asubuhi nililichoma godoro kwenye migomba, nikarudi sokoni kwa hasira. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lilikuwa la mama mkwe wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kifua kilimtesa miaka. Na alipenda kuimba, masikini." Akanitazama. "Umelichoma? Sasa atalala wapi?"

Siku hizi watu wanamsifu mke wangu kwa sauti yake. Mimi nimechoka, na silali. Kila usiku namsikia ubavuni mwangu akivuta pumzi fupi, kisha nzito. Fupi, kisha nzito.

Natamani kumwita jina lake. Naogopa ni nani ataitika.