Ala ya Amos Rudd

"Vua hilo dude kwanza, ndipo ule," Lorna alimwambia mumewe, akimwekea sahani ya nyama ya kulungu na viazi.

Orrin Tveit alijigusa kifuani akashtuka. Alikuwa amesahau kabisa kwamba amevaa bastola.

Na bastola ile haikuwa ya kusahaulika. Ilikuwa lile zigo la risasi sita ambalo waongoza wawindaji wa milima ya Montana hubeba kwa ajili ya dubu, refu la mtutu, zito la kumpinda mtu. Miaka yote ilikuwa imemtesa. Akiivaa kiunoni, ilimvuta suruali na kumgonga nyonga kila farasi alipopiga hatua. Akiivaa kwapani, mkanda ulimkata shingo. Akiitia kwenye mfuko wa tandiko, basi dubu angemkuta yuko chini na farasi ameshatimua mbio na bastola yake. Jioni nyingi mgongo ulimuuma hata akala amesimama.

Siku hiyo alikuwa amekaa kitini, ametulia, na mgongo wake haukusema neno.

"Ni hii ala ya marehemu Amos," alisema. "Kifuani inakaa kama sikuvaa kitu."

Lorna alikuwa akijikanda bega la kushoto, akidhani amelilalia vibaya.

Ala hiyo, mkoba wa ngozi nyeusi wenye mikanda ya kuzunguka bega na mgongo, Orrin hakupewa na mtu. Aliiba, tuseme ukweli. Amos Rudd alikuwa mwongoza wawindaji aliyebeba bastola kubwa kuliko zote pande zile, naye alitembea nayo kama mtu aliyetia leso mfukoni. Alimzika mkewe, akamzika dada yake aliyekuja kumtunza, kisha akamzika mbwa wake, na watu wakasema maskini Amos hana bahati na wa nyumbani kwake. Baada ya mbwa hazikupita siku nyingi, naye akakutwa uani mbavu zimesagika. Ikasemwa kwamba farasi alimwangukia, ingawa farasi wake wote walikuwa malishoni.

Amos alikuwa ameacha neno kwamba azikwe na ala yake kifuani. Orrin alikuwa mmoja wa wabeba jeneza. Alipoachwa peke yake na maiti katika chumba cha nyuma cha kanisa, alisema moyoni kwamba ni dhambi kuozesha ngozi nzuri namna ile, akafungua mikanda, akaivaa chini ya koti. Walipoinua jeneza, upande wake haukuwa na uzito wowote. Lorna, aliyekuwa akiimba kwenye mabenchi, alinyamaza katikati ya wimbo na kukaa chini.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Orrin akiwa milimani, Lorna alisikia ngozi ikilia jikoni, kri, kri, kama tandiko linalokaliwa na mtu mnene, naye akigeuka hapakuwa na mtu. Harufu ya ngozi mbichi na manyoya yaliyolowa ilishika mapazia, ikashika mkate, ikashika nywele zake, na hata alipofungua madirisha yote baridi ikaingia, harufu ile ilibaki palepale, karibu na uso wake, kama pumzi ya kitu kilichoinama kumtazama. Kisha alama ikajitokeza. Mstari wa zambarau ulianzia begani, ukakatiza kifua, ukazunguka hadi mgongoni, na kila jioni mumewe aliporudi anapiga mluzi, ulikuwa umezama zaidi, mpaka Lorna akashindwa kunyanyua birika, akashindwa ngazi, akashindwa kukaa, akawa analala chali akivuta hewa kidogo kidogo kama mtu aliyefunikwa na mawe.

Orrin aliiona alama. Aliijua pia, maana alama ya mkanda ule alikuwa ameitafuta mwilini mwake mwenyewe asiipate. Akaenda mjini kwa Hester Pruitt, bibi aliyeshona matandiko na ala za watu wote pande zile, na ambaye watu walimwendea pia kwa mambo wasiyotaka mchungaji ayajue.

Hester alikataa hata kuigusa. Alimwambia avue na kuitundika msumarini, na mara ilipotoka mwilini, maumivu ya mgongo yalimrukia Orrin akapiga magoti.

"Ngozi niliishona mimi," Hester alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeingia humo nilimkuta siku Amos alipoileta niirekebishe. Ni jini wa mizigo. Haondoi uzito, anauhamisha tu, na kila siku anaongeza wake juu."

"Anauhamishia kwa nani?"

"Kwa anayekupenda."

"Na mbwa wa Amos je?"

"Mbwa alimpenda kuliko wote. Alipokufa hakubaki mwingine, mzigo wote ukamrudia mwenyewe. Ndiyo maana alitaka kuzikwa nayo, isimpate mtu. Irudishe kaburini leo, Orrin. Ardhi ikiganda huwezi kuchimba mpaka majira ya kuchipua, na mkeo hafiki huko."

Orrin aliahidi. Akapanda gari akiwa amekunjamana kama kisu cha mfukoni. Alipofika makaburini alishika koleo, mgongo ukamchoma, akatazama mbingu, akaona bado hakuna theluji. Msimu wa uwindaji ulikuwa umebakiza wiki moja tu. Aliivaa ala tena, akashusha pumzi kwa raha, akaenda zake milimani.

Wiki ile ardhi iliganda kama chuma.

Alirudi mchana, theluji begani, mluzi mdomoni. Chumbani ngozi ilikuwa ikilia juu ya kifua cha mkewe, ingawa Orrin ndiye aliyekuwa ameivaa.

"Hester alikuja," Lorna alisema, neno moja kwa kila pumzi. "Aliniuliza kama umeifukia."

Orrin alitazama sakafu.

"Ulikuwa unajua?"

"Mgongo wangu, Lorna. Wewe hujui mgongo wangu unavyoniuma."

Lorna alimtazama. Ndoa nzima ilikuwa machoni mwake, milo yote, mavazi yote aliyomkaushia jikoni, usiku wote aliomkanda mgongo huohuo, na Orrin aliona, akiwa amesimama palepale, jinsi yote hayo yalivyozimika.

Lorna akavuta pumzi moja ndefu, iliyojaa. Akakaa. Akashusha miguu sakafuni.

Kri, kri. Safari hii mlio ulitoka kwa Orrin. Magoti yake yalikunjika, mbao za sakafu zikapasuka chini yake, mkanda ukazama begani kupita koti, kupita shati. Alitafuta kifungo kwa vidole, lakini kilikuwa kimezama nyamani.

"Nifungulie," alinong'ona. "Mke wangu, nifungulie."

Lorna alimpita, akavaa buti, akafunga kamba vizuri bila haraka. Kisha akainama karibu na sikio lake.

"Si ulisema ni kama hukuvaa kitu?"

Akatoka kwenda kuwalisha farasi.