Santuri Iliyojibu Salamu

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimeuza vitenge hapa Isaka miaka mingi, nimegombana na madereva wa malori wa kila taifa, na sijawahi kukimbia. Haya ninayosimulia yalimpata jirani yangu Mzee Akida, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, na nilikuwepo. Anayetaka kucheka acheke.

Jumapili zetu zilikuwa za raha. Nikitoka kanisani nilikula, nikajifunga kitenge cha kutokea, nikaingia kwa Mzee Akida na albamu yangu kwapani. Yeye alistaafu kazi ya kupakua mizigo ya treni, na barazani kwake kulikuwa na mashine ya santuri aliyoipenda kuliko afya yake. Tulikuwa wapenzi wa jazi. Wagonjwa wa jazi, tuseme ukweli. Bujiku, mfugaji wa huko vijijini, alikuja kwa baiskeli, santuri zake kazifunga kwenye shuka, na hakutaka kusikia kitu kisicho na saksafoni. Edson, mwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu, alileta albamu za kuagiza mtandaoni na maringo yake juu. Mimi napenda piano. Bujiku alisema piano ni muziki wa watu wanaosubiri chakula, nami nikamwambia saksafoni ni ng'ombe aliyekosa maji. Tulitaniana hivyo, tukabadilishana albamu, kila mtu akarudi kwake na ya mwenzake mpaka Jumapili ijayo.

Tulikuwa na desturi moja, tuliyoiokota kwenye vipindi vya salamu vya redioni. Anayepiga albamu yake anatuma salamu kwanza: zimfikie fulani, zimfikie na fulani, popote pale alipo. Ukitajwa nawe upo, unajibu, "Zimefika." Kukaa kimya ni dharau. Na aliyepokea salamu naye anatuma zake. Ila kwa marehemu tulipiga muziki tu, hatukutuma neno. Sharti hilo lilikuwa la Bujiku. Kwao marehemu haitwi kwa jina bila kuandaliwa kitu, kwa sababu aliyeitwa huja.

Mzee Akida alikuwa na mtoto mmoja tu, Abdul. Abdul alikwenda kuchimba kwenye duara la Edson, akamwacha mkewe Shamimu na kichanga chao Zakia hapo hapo kwa baba yake. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Halafu simu ikawa haipatikani. Mzee alimuuliza Edson, na Edson akajibu bila kupepesa macho kwamba vijana wamehamia kwenye rashi, dhahabu imetoka upande wa huko msituni, hakuna mtandao. Wachimbaji ndivyo walivyo, wakisikia kumetoka wanahama sufuria ikiwa bado jikoni. Tukaamini. Zakia akaota meno, akaanza kujishikiza kwenye viti asimame, baba yake kimya.

Shamimu alikonda. Hakujua kama ni mke au mjane, na kwa mwanamke hakuna mahali pabaya pa kukaa kama hapo katikati. Kila akinisalimia, "Shikamoo, Mama Masalu," nilijua swali linalofuata.

Basi Jumapili moja mchana, jua kali, Mzee akatoa santuri ya Abdul. Abdul alipewa na dereva wa lori la Kongo, haina hata jalada. Ni tarumbeta, besi na ngoma, basi. Haina mwimbaji. Nilishaisikiliza mara nyingi, naijua kama njia ya sokoni.

Mzee akaifuta vumbi kwa kanzu yake. Akasema, "Salamu hizi zimfikie mwanangu Abdul, popote pale alipo."

Bujiku alinyanyua kichwa ghafla. Mzee alikuwa baba anayetuma salamu kwa mwanawe aliye safarini, na nani angemkataza? Sindano ikashuka.

Tarumbeta ikalia vizuri, kama siku zote. Ikafika pale inaponyamaza, inabaki besi peke yake inatembea.

Hapo mtu akasema, "Zimefika."

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Mzee Akida akaruka kitini. Mimi bado namwona alivyokimbilia getini akicheka, kanzu kaishika mkononi, anaita, "Abdul, baba, pita ndani." Akafungua geti. Nje kulikuwa na mbuzi wa jirani na barabara nyeupe. Shamimu alishatoka jikoni na mwiko mkononi, mtoto mgongoni. Alitazama geti. Halafu akageuka akatazama mashine.

Besi ilikuwa inatembea bado. Ile sehemu ni fupi. Siku ile haikuisha.

"Nami natuma salamu zangu," ikasema santuri.

Ilikuwa sauti ya Abdul. Nilimjua Abdul tangu anasoma. Nikajikuta nimekaa sakafuni.

Shamimu akafungua mdomo. Bujiku akamfikia, akamziba kwa kiganja. "Ng'wanawane, mwanangu, usijibu," akanong'ona. "Ukitajwa, usijibu."

"Zimfikie bosi wangu Edson," ikasema.

Na Edson hakuwepo tulipoanza. Alichelewa siku ile. Ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari lake pale nje, geti liko wazi, albamu mpya mkononi. Akasikia jina lake linatajwa barazani. Kwa mazoea yetu, kwa adabu yetu ya kila Jumapili, akajibu kwa sauti ya furaha kabla hajavuka geti.

"Zimefika."

"Karibu chini, bosi," ikasema santuri.

Bujiku akauinua mkono wa sindano. Muziki ukakatika. Edson alisimama pale pale, na tabasamu lilikuwa linamtoka polepole. Aliitambua sauti. Akatutazama mmoja mmoja, akamaliza kwa Mzee.

"Duara lilititia, Abdul na mwenzake wakiwa ndani," akasema kwa sauti ndogo. "Matimba yaliyoshikilia udongo yalikatika. Nikaogopa wangefunga eneo zima. Tukafukia mdomo wake."

Mzee Akida akamuuliza jambo moja tu. "Alikuwa hai?"

Edson alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema, "Walikuwa wanagonga."

Sijui kwa nini hatukumshika. Mzee alishika nguzo ya baraza, akawa anatikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula. Shamimu alikaa chini akamzungusha mtoto mbele, akamkumbatia. Tuliposhtuka, gari la Edson lilikuwa limeshaondoka.

Walilikuta gari hilo siku ile ile kwenye barabara ya kwenda Kahama. Injini inanguruma, mlango wa dereva wazi, mtu hayupo. Polisi walidhani ametoroka. Sisi tulikuwa na la kushughulika nalo, tukaenda Nyarugusu na Mzee kumtoa mwanawe.

Wachimbaji walifukua duara lile kwa huruma, na hakuna aliyedai kitu. Walianza juu, kifusi kimeshindiliwa, nyasi zimeota mdomoni. Waliapa hakijaguswa. Wakateremka mpaka wakamkuta Abdul na mwenzake. Wakawapandisha. Mzee akavua kilemba chake akamfunika mwanawe usoni. Nilidhani ndiyo mwisho, nikaanza kulia sasa, maana kabla ya hapo sikuweza.

Kule chini wakapiga kelele. Walikuwa wamekuta mwingine. Alikuwa chini ya Abdul, chini ya matimba yaliyokatika, amefunikwa na udongo mwekundu ulioshikana. Alikuwa mbichi. Alikuwa na shati lile lile alilokuja nalo Edson Jumapili.

Mchimbaji mmoja aliacha kazi palepale, akaondoka bila kuchukua viatu vyake.

Abdul alizikwa Isaka, akaswaliwa kama anavyostahili. Shamimu akaingia eda. Sasa alijua yeye ni nani, na nilifikiri kujua kutamsaidia. Bujiku alimwomba Mzee ile santuri akaivunje. Mzee akakataa. Akasema, "Ndiyo sauti ya mwanangu iliyobaki."

"Mzee, ukiitunza utaisikiliza," akasema Bujiku.

"Sitaisikiliza."

Na kweli hakuisikiliza. Mzee Akida ni mtu wa neno lake. Hatukumfikiria mwingine. Hatukufikiria mwanamke amekaa ndani peke yake na mtoto, anajua mumewe alikuwa bado anataja majina pale sindano ilipoinuliwa. Anajiuliza kama la kwake lilikuwa linafuata. Mimi mwenyewe ni mjane. Ningejiuliza pia, na ningekuwa wa kwanza kuikosa akili.

Siku moja nilipita kumpelekea Shamimu uji baada ya adhuhuri. Mzee alikuwa msikitini. Mashine ilikuwa wazi, santuri inazunguka, sindano imeshafika mwisho inakwaruza. Shamimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, upindo wa kanga mdomoni.

Nikaizima. "Shamimu. Umefanya nini?"

"Amenitaja, Mama Masalu," akanong'ona.

"Ulijibu?"

"Sikujibu. Niliuma kanga. Niliuma mpaka ikapita."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikachuchumaa nimshike mkono. Ulikuwa baridi.

"Halafu akamtaja Zakia," akasema.

Mtoto alikuwa mgongoni kwake, macho wazi, ametulia. Zakia alikuwa hajatamka neno lolote katika maisha yake. Hata mama alikuwa hajasema.

"Mtoto hajui kusema," nikamwambia. "Mtoto hawezi kujibu."

Shamimu akaanza kulia bila sauti.

"Alijibu," akasema. "Vizuri kabisa. Kama mtu mzima."

Bujiku aliichoma ile santuri siku hiyo hiyo, na Mzee safari hii hakumzuia. Hatupigi tena jazi kwa Mzee Akida. Jumapili tunakuja vilevile, ila tunakuja kumpokea mtoto. Ni wakati wake wa kujifunza kutembea, na analilia kushuka, lakini hakuna anayethubutu kumweka chini. Anatoka mgongoni kwa mama yake anakuja kwangu, anatoka kwangu anakwenda kwa babu yake. Bujiku akimbeba huwa hakai. Usiku analala kifuani kwa Shamimu, kafungwa kwa kanga. Neno lingine hajasema.

Asubuhi ya leo nilimpokea, bado kalala. Nikamfungua kanga nimwoshe. Nyayo zake, ambazo hazijagusa ardhi tangu siku ile, zilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo, bado una majimaji. Huku kwetu udongo ni wa kijivu.

Nikaufuta kwa kitenge changu, haraka, kabla Shamimu hajageuka.