Saa Moja ni Saa Moja

Walikutana kwenye duka la fotokopi, watu wamebanana, mashine inanguruma, kila mtu anadai yeye ndiye wa kwanza. Msusi alivaa gauni la kijani, mabaki ya nywele za wateja yamemganda begani. Alitaka kopi za mitihani ya zamani ya kujiunga na chuo.

"Za mdogo wako?" kijana wa fotokopi akauliza.

"Zangu mwenyewe! Nimefeli mara mbili, na mwisho ni mara tatu. Umeridhika?"

Kijana akaangua kicheko. Naye akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo.

Kila jioni Msusi alifanya jaribio nyuma ya duka: maswali sitini, saa moja. Kijana alishika saa. Siku ya kwanza alibakiza maswali kumi na manane, akalia. Wiki ya tatu akamaliza yote.

"Mpenzi, umewaka!"

"Ni wewe, roho yangu."

Wiki mbili kabla ya mtihani, Msusi alikwenda kufanya jaribio la pamoja katika shule moja. Kengele ililia, maswali kumi na tano hayajaguswa. Alitoka, akampigia kijana simu.

"Ulikuwa unanipa dakika ngapi?"

"Umeshamaliza?" kijana akauliza.

"Si nakuuliza wewe!"

"Sabini na tano. Siku nyingine themanini. Ulikuwa unalia, mpenzi, nikashindwa..."

"Ulishindwa, au hukutaka niende? Chuo kiko mbali, unajua!"

Akakata. Jamani, kuna huruma nyingine ni sumu tupu!

Siku tatu hakupokea simu. Siku ya nne kijana akatokea saluni, akaganda mlangoni, wateja wakimkodolea macho.

"Nilikuhurumia kijinga," akasema. "Na kweli, niliogopa utaondoka. Yote mawili. Nipe hizi siku kumi zilizobaki."

"Dada, msamehe au mfukuze," mteja mmoja akadakia, "lakini atoke mlangoni, anatuzibia hewa!"

Msusi hakucheka. Alimaliza kusuka, akanawa mikono, akachukua kalamu.

Safari hii hakukuwa na mchezo. "Swali likikushinda, ruka! Utalirudia," kijana alisema. Saa moja ikitimia: "Kalamu chini." Msusi alilia, akatukana, akarusha daftari. Kijana hakumwongezea hata sekunde, ingawa moyo ulimuuma. Maswali yaliyobaki yakawa tisa, yakawa manne.

Siku ya mtihani kijana alimngoja getini. Msusi akatoka taratibu.

"Nimemaliza yote. Mawili nimebahatisha."

"Alhamdu..." Kijana akashindwa kumalizia.

"Ngoja kwanza. Nikifaulu, naondoka miaka mitatu. Utanisubiri? Usinifurahishe, sema kweli."

"Itaniuma sana. Kuna siku nitakupigia simu nikulaumu bure. Lakini nitakusubiri."

Msusi akamshika mkono.

"Twende nyumbani ukajitambulishe kwa mama."

"Leo? Si tungoje matokeo kwanza?"

"Yaje yatakavyokuja," akasema, akianza kumvuta. "Wewe sikukuchagua kwa matokeo."