Jina Kwenye Utepe

Jumamosi ile Soko Kuu la Bujumbura lilikuwa limejaa pomoni, maana kila mtu alitaka kununua haraka na kurudi kwake kabla risasi hazijaanza tena milimani. Odette, aliyevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa kiunoni, alikuwa anachagua tepe za mashada ya maziko. Ghafla mtu mwenye buti za mpira alijikwaa mbele yake na kummwagia ndoo nzima ya maji ya matope.

"Pole sana, dada. Pardon."

"Pardon haifui nguo, patron." Odette alichungulia ndani ya ndoo. Ulibaki mmea mmoja wa majani manene, wenye ua la zambarau. "Na hii ni nini? We unauza maua?"

"Nahesabu magugu."

"Mutu muzima, kazi yake kuhesabu magugu? Na vita yote hii?"

Mtu huyo aliitwa Libère, mtafiti wa mimea. Alimweleza kwamba hilo ni gugu maji, mgeni kutoka mbali, zuri kwa sura, lakini likishaenea hufunika maji na kuua kila kinachoishi chini yake. Kila wiki alilipima kwenye mdomo wa mto Rusizi, kama askari wakimruhusu kupita. Upande wa kusini, kule Ruziba, ziwa lilikuwa bado safi. Kisha, mbele ya macho yale ya Odette, elimu yote ikamtoka kichwani, akampa lile ua na mizizi yake.

"Weka kwenye beseni. Lisifike ziwani tu."

Odette alikuwa amekimbia Uvira, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa tisini na nane, na hakuwa na karatasi za ukaazi. Katika mtaa wa Bwiza, hapo Bujumbura, aliuza mashada. Vita vilimfukuza kwao, na sasa ndivyo vilivyomlisha. Hakupenda kulifikiria sana jambo hilo. Alikuwa na sharti moja: hakuna shada lililotoka kwake bila jina la mtoaji kwenye utepe. Kulikuwa na wateja walioogopa kujulikana wamemlilia nani. Aliwaambia, "Bila jina, hii ni majani tu." Wengi waliandika, pamoja na hofu yao.

Wakapendana. Kila jioni simu ya Libère iliita.

"Allô, docteur wa magugu. Umekula?"

"Bado, chérie. Na docteur bado sijawa, mpaka nipate bourse ya kusomea Ubelgiji."

"Ukiipata utanisahau."

"Apana. Nitakubeba kwenye valizi."

Kwa miezi mitatu lile ua likazaana hadi likajaza mabeseni manne. Mama Daphrose, mwenye nyumba kubwa mtaa wa Kinindo, akaliona na kulitaka kwa kidimbwi chake cha samaki. Odette akasita.

"We mwenyewe ulisema isifike ziwani."

"Kidimbwi hakina mlango wa kutokea, chérie," Libère akasema, akicheka. Kwa kuwa Odette aliogopa vizuizi vya barabarani, Libère alilipeleka mwenyewe kwa teksi, beseni likiwa mapajani, kama bwana harusi.

Mvua za Aprili zikaja. Kidimbwi kikafurika hadi mtaroni, na mtaro ule ulikwenda ziwani. Mwezi wa sita wavuvi wa Ruziba walikuwa wanakata magugu kwa panga ili mitumbwi ipite. Libère alifika, akaona, akajua. Ripoti yake ilikuwa inasubiriwa na watu wa bourse. Akaandika: "Chanzo: muuza maua mmoja wa Bwiza, mkimbizi kutoka Uvira." Akaweka nukta. Siku hizo akaacha kupiga simu. Odette alipiga mwenyewe.

"Uko na mwanamuke mwengine? Sema tu, nijue."

"Apana, chérie. Ni kazi."

Wiki ya pili walikuja kwa Odette maafisa watatu. Walichoma magugu pamoja na mashada yote, wakampa siku saba za kuondoka nchini, na wakamwachia nakala ya ripoti, wakidhani hajui Kifaransa. Kumbe baba yake, aliyekuwa mwalimu, alimfundisha.

Jumapili Libère alifika na shati jeupe na pete mfukoni.

"Tufunge ndoa, Odette. Ukiwa bibi yangu hawatakugusa. Bourse imekuja. Tutaenda pamoja."

"Nimesoma rapport yako. Umeandika mi niliuza. Ni kweli, niliuza. Mwenye alinipa ni nani? Mwenye alipeleka Kinindo?"

Libère akainamisha kichwa. "Niliogopa."

"Kuogopa, tunaogopa wote." Akatandaza ile karatasi mezani, akampa kalamu yake ya kuandikia tepe. "Ongeza mustari mumoja. Uweke jina lako. Ukiandika, leo leo nakubali hiyo pete."

Libère akaishika kalamu. Alimpenda, hilo halina ubishi, na ndilo linalouma zaidi. Aliitazama karatasi mpaka jasho likamdondoka juu yake.

"Nikifika Ubelgiji nitaandika. Nakuapia."

Odette akaichukua kalamu taratibu mkononi mwake.

"Miaka mine nimeuza mashada. Watu waliandikia maiti majina yao, na walikuwa wanaogopa kukushinda. Mi niko muzima, Libère. We umeshindwa kuniandikia moja."

Jumanne alivuka mpaka kurudi Uvira, amevaa lile gauni la njano ambalo doa lake halikutoka kamwe. Kule nako risasi zilikuwa zinalia.

Mwezi wa tisa Libère akapanda ndege. Miaka ikapita, na tasnifu yake ikasifiwa sana. Ndani yake mlikuwa na majina ya mimea zaidi ya mia mbili, kila mmoja na mahali ulipotoka na jinsi ulivyofika. Ule mstari mmoja hakuuandika.