Kigurudumu cha Darubini

Jioni ile nilipanda paani kuifunga tu darubini ya marehemu mke wangu. Fundi redio, mwenzetu wa kikundi cha kutazama nyota, alikuwa ameshapakia ya kwake.

"Mawingu haya, shemeji, hata mwezi haupenyi! Twende zetu." Akashuka.

Mama mkwe, aliyekuwa amepanda nami, hakushuka. Tangu tumzike binti yake alikuwa haombi kitu, si chakula, si dawa. Siku hiyo aliomba kuchungulia pale mwanawe alipokuwa akichungulia. Ningemnyimaje?

"Mama, hakuna kitu hapo. Wingu tupu."

"Niache kidogo, baba."

Nikamwonyesha kigurudumu cha kuzungusha ili picha yenye ukungu ionekane vizuri. Akainama. 

Halafu kigurudumu... krr.

"Namwona," akanong'ona. "Ila yuko kichwa chini."

Moyo ulinilipuka. Darubini ile hupindua kila kitu, na sikuwa nimemwambia.

Krr. "Anafifia." Krr. "Haya, namwona tena."

Sasa nisikilize vizuri. Nyota ukishaipata, kigurudumu hukigusi tena. Iko mbali mno, haibadiliki. Utazungusha tena kwa kitu kinachosogea tu. Na mama mkwe alikuwa anazungusha kuelekea nje, mrija wa kuchungulia unachomoza kidogo kidogo.

Kuelekea nje, maana yake kitu kinakuja.

"Mama, toka hapo!"

Krr... krr...

Harufu ya udongo mbichi ikajaa paani. Paa lenyewe saruji tupu, udongo utoke wapi?

Kigurudumu kikagota mwisho. Kilicho karibu zaidi ya hapo, darubini haikioni.

Mama mkwe akainua uso taratibu. Hakutazama juu. Alitazama nyuma ya bega langu, machozi yakimchuruzika.

"Mwanangu," alisema, na hakuwa akiniambia mimi. "Mbona umechoka hivyo?"

Jamani, nilikuwa nimemlilia mke wangu hadi sauti ikakauka. Nilimwomba Mungu anionyeshe uso wake, hata mara moja tu. Sasa pumzi ya baridi ilikuwa shingoni mwangu, na mimi, mwanamume mzima, nilifumba macho nikayakaza. Niliogopa kumwona alivyo sasa.

Baridi ikaondoka polepole. Mama mkwe akanishika mkono.

"Ameshakwenda, baba. Amesubiri weee, umgeukie. Akaniuliza kama humtaki tena."

Tangu hapo, nikilala kuelekea ukutani, godoro nyuma yangu hubonyea taratibu.

Bado sijageuka.