Kopo la Dobi

Dobi hafui nguo kabla ya kupekua mifuko. Dobi wetu huyu vitu visivyodaiwa alivitia kwenye kopo la rangi pale dirishani. Jioni yeye na wifi yake, dada wa mumewe, walisoma darasa la watu wazima.

Wiki hiyo roho ilikuwa inamuuma. Insha ya wifi ilibandikwa kwenye ukuta wa darasa. Na wifi kaandika nini? Siku dobi alipounguza shati la bwana harusi. Watu walicheka wakashika mbavu.

"Nimeunguza mimi, sifa kachukua yeye," alimlalamikia mumewe.

"Si na wewe uandike?"

Alijaribu. Aliandika, "Maendeleo ni kitu kizuri." Akakwama, akachana karatasi. Ukutani ilibaki nafasi moja, na mwisho ni Ijumaa. Aliitaka nafasi ile kuliko chakula. Ulikuwa wivu, tusimfichie.

Alhamisi mwalimu wao alikuja kuchukua suruali zake.

"Insha iko wapi?"

"Sina cha kuandika, Mwalimu. Wifi kajaliwa. Mimi nafua tu."

"Hakujaliwa chochote. Anaangalia, halafu anaandika kabla hajasahau. Kopo hili lina nini?"

"Takataka za mifukoni."

Mwalimu akalimimina mezani. Kifungo, ufunguo, jino la mtoto ndani ya kitambaa.

"Na hili jino?"

"Lilikuwa mfukoni mwa baba mmoja, mkali kama pilipili. Mwanawe kahamia kwa mama yake, mbali. Nilipomrudishia jino akasema si lake. Tangu hapo akipita hapa anaangalia dirishani."

"Andika hivyo hivyo ulivyonieleza, jina lake usilitaje. Usihangaike na jambo kubwa. Shika kitu kimoja, useme ulichokiona na ulichokisikia. Na usichane karatasi. Andika mpaka mwisho, makosa utasahihisha baadaye. Nguo unaipiga pasi kabla hujaifua?"

"Nani afanye hivyo? Uchafu utaganda."

"Basi."

Mwalimu alipoondoka, dobi aliandika bila kufuta neno. Asubuhi alijisomea kwa sauti, akasahihisha, akaondoa mistari miwili iliyojisifu.

Ijumaa insha ikabandikwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Wifi aliisoma kidole kikifuata maneno, akairudia.

"Wifi, kopo lile mimi naliona kila siku."

"Najua."

"Mbona hukunisimulia habari ya jino?"

"Ungeniwahi."

Wifi alinuna njia nzima. Dobi, Mungu amsamehe, alitembea akiimba kimoyomoyo.

Kesho yake, kabla maji hayajachemka, wifi alibisha hodi. Kalamu ilikuwa sikioni.

"Nimekuja kukusaidia kupekua mifuko, wifi yangu."

"Ahsante sana, wifi. Karibu ukae."

Dobi akamsogezea kapu la mashuka. Suruali zote akazivutia kwake.