Mtaro wa Mbumbuni

“Mama, chimba vizuri! Huu mtaro ni wa bomba, si shimo la kupanda ndizi!”

Ndolo alikuwa amesimama kivulini, miwani ya jua usoni, viatu havina hata vumbi. Aliyekuwa akifokewa ni Nthenya, mama mkwe wake mtarajiwa. Alikuwa ndani ya mtaro hadi kiunoni, akaendelea kuchimba.

Nzilani, bintiye Nthenya, aliyaona yote kutoka barabarani. Alifundisha jiografia hapo Mbumbuni, na Jumamosi hiyo alikuwa aolewe na huyu mpima njia ya bomba. Mkononi alishika barua aliyoikuta kwenye koti ambalo Ndolo alimwachia amshonee kifungo.

Mwaka huo wa 1987, tangu Januari, wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana, walikuwa wamechimba maili saba. Ndolo aliwaambia bomba litachota maji ya mto Tana, livuke Kitui yote, liyalete huku upande wa Athi ambako vijito hukauka mapema. Kwa ahadi hiyo alichinjiwa kuku, akapewa kiti cha mbele kanisani. Nzilani naye alimpenda kweli. Hilo hakulikana hata baadaye.

Asubuhi hiyo alikuwa amepita posta kupigia simu ofisi ya maji.

“Hii barua ni ya kweli?”

“Ni ya kweli, mwalimu. Tulimwandikia Ndolo mwezi wa tatu. Bomba litaishia Kitui. Mbumbuni ilifutwa.”

“Mbona hakuna mtu alituambia?”

“Kuwaambia ilikuwa kazi yake.”

Sasa, pale mtaroni, alimkaribia mchumba wake.

“Ndolo, ingia kwa mtaro.”

“Nini?”

“Ingia uchimbe. Kama kuna maji yanakuja, shika jembe.”

Akacheka. “Wewe, jua limekupiga?”

Nzilani akaifungua barua, akaisoma kwa sauti ya darasani. Majembe yakasimama, moja moja, mpaka mwisho wa mtaro.

“Tuongee nyumbani, mpenzi.”

“Tuongee hapa. Ulijua tangu Machi?”

“Ningefanya nini? Mama yako alinikubali kwa sababu ya maji. Ningesema yamefutwa, wewe ningekupata wapi?”

“Kwa hivyo ukawaacha wachimbe miezi mitano.”

“Hawa wamezoea jembe, Nzilani. Wamepoteza nini?”

Nzilani akaikunja barua.

“Mwongo angalau huwaogopa anaowadanganya,” alisema. “Wewe hata kutuogopa uliona ni kazi bure.”

Nthenya akapanda kutoka mtaroni, akijipangusa mikono.

“Kijana, toa hiyo miwani nikuone.”

Ndolo akaitoa. Nthenya akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechungulia ndani ya mtungi.

“Hakuna kitu,” akasema. Kisha akawageukia wenzake. “Twendeni. Huyu aachwe hapo.”

Usiku Nzilani alilia, na mama yake hakumnyamazisha. Lakini Jumamosi ilipofika, lori lililokodishwa kwa harusi liliondoka vilevile, limejaa wanawake waliovaa nguo mpya. Lilienda ofisi ya maji, Kitui. Injinia mkuu alitoka nje ameshangaa.

“Hii harusi ni ya nani?”

“Hakuna harusi,” Nzilani akajibu. “Kuna maili saba za mtaro ambazo mtu wako alituchimbisha. Njoo uzione.”

Alikuja. Alitembea mtaro wote kwa miguu, akiuandika urefu wake daftarini. Iliwachukua wanawake hao miaka mitatu ya barua na safari, lakini maji ya Tana yalivuka, yakafika Mbumbuni siku ya soko. Nthenya alikunywa wa kwanza, akalowesha gauni lote.

Mwezi uliofuata barua ilifika shuleni: “Mpenzi Nzilani, nasikia maji yamefika. Kumbuka mimi ndiye niliyepima ile njia. Bado nakungoja. Ndolo.”

Nzilani aliandika nyuma ya karatasi ileile: “Ulipima. Waliochimba ni hawa. Usiandike tena.”

Akaitia kwenye bahasha, akabandika stempu, akarudi darasani.